Redio ya Fundi Mawimbi

Tarehe 3, mwezi wa sita

…na tena usidhani nimesahau ulichosema pale stendi, eti mimi ndiye nitakayezoea upesi. Nizoee nini, mume wangu? Kitanda? Kitanda hiki ulichokisifia dukani kwamba ni kipana, sasa ndiyo nauona upana wake! Nalala upande wangu, upande wako nimeulaza ule mto uliotariziwa, na asubuhi nikiamka nausalimia. Ndiyo, nausalimia mto. Cheka tu, umeoa mwenyewe.

Mpenzi wangu, nina furaha mpaka naogopa majirani watanisema. Nikifagia naimba, nikianika nguo naimba. Jana nilianika shati lako uliloliacha nyuma ya mlango. Halikuwa hata chafu. Nimelifua ili nipate kulianika, wapita njia wajue nyumba hii ina mume. Mama Pacha wa mlango wa pili akaliona, akasimama na ndoo yake kichwani: "Bibi harusi, huyo bwana ameoa au ameweka mlinzi wa nyumba?" Nikamjibu, "Ameoa, shoga, ila ana wagonjwa wa nchi nzima, na mimi ni mmoja tu, tena mzima." Alicheka mpaka maji yakamwagika. Nikaingia ndani. Ndani nilikaa kidogo kwenye kiti, nikatazama viatu vyako vya harusi.

Najua kazi yako. Niliikubali kabla ya kuikubali posa. Ulinieleza tukiwa kwenye benchi la zahanati, wewe na koti lako jeupe la uuguzi: kwamba dawa ya maumivu makali ipo, ni ya maji, mtu anapimiwa na kunywa akiwa nyumbani kwake, lakini sheria inaiacha mikononi mwa daktari wa hospitali ya mkoa peke yake. Aliye mbali na hospitali anakufa akilia. Ukasema mmeapa, nyinyi wachache, kupita mkoa kwa mkoa mpaka wauguzi wa zahanati waruhusiwe kuitoa. Nikajiuliza, mwanamume anayewaonea uchungu watu asiowajua hivi, mimi atanipenda vipi? Hapo ndipo nilipokwisha.

Baba hajambo. Ni mgongo tu, ule wa kuinamia redio za watu miaka yote. Bado mtaa mzima wanamwita Fundi Mawimbi, na mimi amenipa cheo: namshikia taa anapochomelea waya. Ila mume wangu, baba yako anazeeka masikio! Redio inaongea taratibu, mara anaifungulia mpaka vikombe vinacheza kabatini. Nikiingia ananiambia, "Wimbo mzuri huo, mwanangu." Jana haukuwa wimbo, zilikuwa bei za mazao! Nikamwambia kesho naenda kununua pamba ya masikio, ya kwangu si ya kwake. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

Utakuja lini? Maua ya harusi nimeyakausha ndani ya Biblia ya mama yako. Andika upesi, tena andika barua ndefu.

Wako wa peke yako,
Bibi Harusi


Tarehe 11, mwezi wa sita

Bibi Harusi wangu,

Barua yako imenikuta kwenye nyumba ya wageni yenye kitanda chembamba kama ubao wa kupigia pasi. Tungebadilishana, ila huo mto usinipe. Nimeanza kuuonea wivu.

Leo tulikuwa kwenye ukumbi wa shule. Watu wazima wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, na bado hakuna aliyetoka. Nilieleza habari za mama, alivyougua na alivyokufa. Kisha nikafanya onyesho langu, unalijua: nainua ile chupa ya kijani, navuta kipimo kwa bomba la sindano lisilo na ncha, nawaonyesha mstari, nawaambia inywewe kwa saa zilizopangwa, isisubiri mgonjwa alie. Wanashangaa kila mara kwamba ni jambo jepesi hivyo. Mama mmoja mzee akasimama. "Hiyo chupa unatuachia?" Nikasema hapana, mama, hairuhusiwi. Akasema, "Basi umetuletea picha ya chakula," akakaa. Ukumbi ukacheka. Mimi nilicheka pia, lakini nimekula chakula cha jioni nikiwa na maneno yake mdomoni.

Dereva wetu tumempa jina la Profesa, kwa sababu kila kona ana methali yake, na kona ni nyingi. Anakusalimu. Anasema mke wa msafiri ni kama taa ya nyuma ya gari: mwenyewe haioni, ila ikizimika atagongwa. Mpelekee Mama Pacha hiyo.

Nitakuja kabla ya mwezi kuisha. Tumebakiza wilaya chache upande huu.

Baba huifungulia redio saa zipi hasa? Na alianza lini? Usisahau kunijibu hilo.

Mumeo,
Muuguzi wa Barabarani


Tarehe 20, mwezi wa sita

Mume wangu mtamu kuliko usingizi,

Kabla ya mwezi kuisha! Nimelisoma hilo mara nyingi mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Nimepaka chumba chetu rangi. Usiniulize rangi gani, utaiona. Baba aliingia, akatazama kuta nne, akasema, "Mwanangu, nyumba imekuwa ndani ya embe." Basi umeshajua.

Umeniuliza habari za redio. Mimi sikupima saa, ila kwa kuwa umeuliza nilichunguza. Anaifungulia anapotaka kuinuka kitini. Anapotoka kuoga. Na akikaa sana mahali pamoja. Una wivu na redio sasa? Mto, redio, bado kabati tu!

Juzi nilimsindikiza hospitali ya mkoa kwa ajili ya mgongo wake. Basi lilikuwa na mashimo… yaani barabara ndiyo yenye mashimo, unaona ninavyoandika. Walimpiga picha, wakampa vidonge vya kawaida. Baba hajambo. Anasema nikuandikie kwamba hajambo kabisa. Amekula, amelala, hajambo. Anasema pia usikatishe kazi kwa ajili ya mtu yeyote, kazi yako ni kubwa kuliko nyumba moja.

Nimeshona mapazia. Yana maua madogo meupe. Jioni nikiyafunga, chumba kinakuwa kizuri mno kwa mtu mmoja.

Wako, anayekimbilia mlango kila ukigongwa,
Bibi Harusi


Tarehe 2, mwezi wa saba

Mke wangu mpenzi,

Nisamehe. Mwezi umeisha na mimi niko huku. Wametuongezea wilaya mbili, na gari limevunjika springi katikati ya mvua. Profesa amekosa methali ya springi, kwa hiyo ujue hali ilikuwa mbaya.

Nimefurahi kusikia kwamba Baba hajambo. Umeliandika neno hilo mara nyingi mpaka nimelala vizuri.

Jana nilisimulia habari za mama kwenye ukumbi wa halmashauri, mbele ya wakubwa. Mmoja wao alitoa kitambaa, akafuta macho. Watu wanasema nasimulia vizuri. Nimesimulia mara nyingi sana sasa, mpaka najua ni sentensi ipi watalia. Nikirudi chumbani navua viatu, nakaa, na sina wa kumwambia kwamba mimi mwenyewe silii tena pale.

Nikimaliza huku tunaelekea makao makuu. Kamati ya afya imekubali kutusikiliza mwezi wa nane. Lakini kabla ya mwezi huu kuisha nitapitia nyumbani, hata kwa siku moja, nione hilo embe.

Mumeo,
Muuguzi wa Barabarani


Tarehe 14, mwezi wa saba

Mume wangu, mume wangu, mume wangu!

Leo sijui nianze wapi kwa furaha. Naanza na msamaha halafu nakupa zawadi.

Nilikudanganya. Baba alikuwa na jambo. Ile picha ya hospitali ilionyesha saratani, imeanzia kwenye tezi dume na imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo. Daktari kijana aliyetusomea alisema taratibu, akitazama kalamu yake. Tulipotoka, Baba alikaa kwenye ngazi za hospitali, akanishika kiganja: "Mwanangu, nimeomba kitu kimoja tu tangu uingie nyumbani kwangu, na ndicho hiki. Asijue. Akijua ataacha kazi." Nikaapa. Ningefanyaje? Mimi ni mkwe mgeni, na yeye ananiita mwanangu. Vile vidonge vilikuwa kama kumwagia bahari kikombe cha maji. Na kurudi kule kwa basi kufuata dawa kubwa hakuwezi. Wanataka mgonjwa afike mwenyewe, na safari ile moja ilimlaza juma zima.

Nilikuwa nalia stoo, mpenzi wangu, ili nisilie mbele yake. Nikitoka naimba. Ndiyo nilikuwa nakuandikia habari za mapazia.

Sasa zawadi! Nilipokuwa natafuta mshumaa kwenye kabati lako la juu, nyuma ya makoti yako ya kazi, nikaona nini? Chupa ya kijani! Chupa yako, na bomba lake, na ile karatasi yako ya mafunzo yenye picha! Nilipiga kelele, Mama Pacha akadhani nimeona nyoka. Nilikimbia nayo kwa Baba. Aliitazama, akanitazama mimi, kwa muda. Akasema, "Haya. Nipimie, mwanangu."

Nimefuata karatasi yako neno kwa neno. Kipimo kidogo kwanza. Kwa saa, bila kusubiri. Nikimpa nakaa naye, namuuliza inauma wapi, imeshuka kiasi gani, kama ulivyoandika muuguzi afanye. Mara ya kwanza alifumba macho, akasema, "Imeshuka."

IMESHUKA, mume wangu! Na tangu siku hiyo redio iko chini. Hajaifungulia tena hata mara moja. Amekuwa mpole kama maji ya mtungi, kila kitu "asante, mwanangu," "kizuri, mwanangu." Hagombani na chai, hagombani na rangi ya ukuta. Mtu aliyekuwa akinitania kutwa!

Unaona ulichofanya? Umezunguka nchi nzima ukitafuta dawa kwa ajili ya watu, kumbe ulishaiacha kabatini kwa ajili ya baba yako. Nimevunja kiapo kwa sababu furaha imenizidi. Usimwambie. Chupa inakaribia nusu. Njoo na nyingine, njoo na wewe mwenyewe.

Wako, anayekupenda kuliko jana,
Bibi Harusi


Tarehe 21, mwezi wa saba

Mke wangu,

Naandikia juu ya boneti ya gari. Profesa ameniwekea koti mabegani, hajasema methali.

Ile chupa ni maji. Maji, sukari na rangi ya kijani ya keki. Haturuhusiwi kubeba dawa yenyewe barabarani, kwa hiyo nachanganya ya maonyesho. Ile iliyo kabatini ni ya zamani, niliichanganya kwenye sinki la jikoni kabla ya harusi. Sikuwahi kukuambia. Sikuwahi kuwaambia watu wa ukumbi wowote.

Baba hajapata nafuu hata kidogo. Amekuwa akijikaza mbele yako.

Usimpeleke kwa basi. Nenda wewe hospitali ya mkoa, umwulize Daktari Bibi, yule mwenye mvi aliyekuwa kwenye meza ya mbele siku ya harusi yetu. Ni mwenzetu kwenye kazi hii. Mpe barua hii.

Na habari ya redio. Mama alipokuwa anaumwa, Baba alikuwa akiifungulia redio hivyo hivyo ili majirani wasimsikie mama, na sisi tusisikie. Nilikuwa nacheza nje, dirishani kwao. Nilidhani ndani kuna wageni. Barua yako ya kwanza niliisoma, nikajua. Nilikuuliza saa zipi ili unijibu jambo lingine lolote.

Kamati inakaa mwezi wa nane. Nikiondoka sasa hakuna wa kusema badala yangu. Unaelewa. Nitakuja baada ya hapo.

Mumeo


Tarehe 9, mwezi wa nane

Mume wangu,

Barua yako niliisomea jikoni, nimesimama. Sufuria iliungua. Nimeiacha iloweke mpaka leo.

Niliingia kwa Baba na chupa mkononi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha ufundi, redio chini, mikono juu ya magoti. Nikamwuliza, "Baba, hii ni nini?"

"Umeandikiwa?"

"Nimeandikiwa."

"Basi ni maji, mwanangu. Nilimwona akiyakoroga kwenye sinki langu. Nikamwambia aoshe kijiko."

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Tangu ulipoingia nayo unakimbia."

"Na ukaniambia imeshuka!"

"Hukuuona uso wako," akasema. "Mimi niliuona."

Nilikasirika, mume wangu. Sijawahi kumjibu mtu mzima vibaya, lakini nilimwambia amenifanya mjinga, nimekaa pale kila saa nikipima maji kama mfua dhahabu, na yeye anateketea. Hata redio hakuifungulia, ili nisijue! Alinisubiri nimalize. Kisha akasema, "Mwanangu, mgongo ulikuwa unauma vilevile. Ila ulikuwa unakuja, unakaa, unaniuliza inauma wapi. Tangu mama yenu afe hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikaona, nikisema haya ni maji, wewe utarudi stoo kulia, na mimi nitabaki na bei za mazao."

Nilidhani hasikii nikiwa stoo. Masikio yake ni mazima kabisa.

Nikakaa chini, sakafuni, nikaweka kichwa kwenye goti lake, taratibu, lile lisilouma. Tulikaa hivyo. Nyumba nzima watu wawili, kila mmoja alikuwa akimfichia mwenzake upweke.

Kesho yake nilimwachia Mama Pacha mzee, nikapanda basi. Dirishani pa dawa kijana akaniuliza, "Mgonjwa yuko wapi?" Nikamwambia yuko nyumbani, mifupa yake haipandi basi. "Dada, sheria inataka mgonjwa afike." Nikamwambia, "Sheria basi na ije nyumbani, imkute." Watu kwenye foleni wakaguna. Mzee mmoja akasema, "Mwambie, binti!" Sikutoka dirishani. Kumbe kelele zangu zimefika ndani, mlango ukafunguka, akatoka Daktari Bibi mwenyewe na miwani kichwani. Alisoma barua yako amesimama. Alichukua funguo za gari lake, tukaondoka.

Alimpima Baba palepale kwenye kiti, akamwandikia, akaweka juu ya meza chupa ya kweli. Mume wangu, si ya kijani. Haina rangi yoyote, imetulia tu kama kitu kisicho na makuu. Akaniambia, "Nionyeshe ulivyokuwa ukimpa." Nikavuta kwa bomba, nikasimamisha kwenye mstari, nikagonga povu litoke, nikamweleza saa. Akatazama mpaka mwisho. "Hukukosea kitu," akasema. "Umekosa dawa tu."

Alikaa garini kitambo kabla ya kuondoka. Nilimwona kupitia pazia langu la maua. Alikuwa ameshika usukani na gari halijawashwa.

Sasa nikuambie nilivyojua kwamba hii ni dawa. Alipokuwa anakunywa maji yako, Baba alikuwa mpole. Alipokunywa hii alikunja uso, "Chungu kama ushuru!" akalala kitini, mdomo wazi, akakoroma mpaka adhuhuri. Alipoamka akauliza nani amemfunika blanketi wakati wa joto. Jioni akasema chai ni ya baridi. Juzi amesema rangi ya chumba chetu inamwumiza macho hata mlango ukifungwa. Amegombana na Mama Pacha, amegombana na mtangazaji. Choo ndicho kimekuwa kigumu, Daktari Bibi alitutahadharisha na kutupa dawa yake, na hiyo nayo ameigomba. Mume wangu, anayejifanya haumwi ndiye anakuwa mpole. Mzee asiyeumwa ni mkorofi! Nimefurahi kugombezwa mpaka nimelia, safari hii jikoni, mlango wazi.

Ugonjwa haujaondoka. Daktari Bibi alinieleza waziwazi, na Baba anajua. Anakula kidogo, analala sana. Lakini kati ya usingizi na usingizi kuna Fundi Mawimbi.

Nilimwuliza kama anataka nikuite. Alisema, "Mwache, ana nchi nzima." Baadaye, nilipodhani amelala, akasema akiwa amefumba macho: "Mwanangu anaingia kila nyumba yenye mgonjwa. Hii yetu anaipitia kwa nje, dirishani, kama zamani." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetafuta mahali waya ulipokatikia.

Jana ameifungua redio yake, ile ile. Vipande vyote viko juu ya meza kwenye gazeti. Anasema miaka yote ameilazimisha kupaza sauti mpaka spika imechanika, sasa anaitengeneza isikike vizuri ikiwa chini. Mikono yake inatetemeka, hawezi kuchomelea. Mimi namshikia taa, lakini kuchomelea sijui. Anasema kuna mtu mmoja tu ambaye yeye amewahi kumfundisha.

Nyumba iko kimya, mume wangu. Huu si ule ukimya wa kujikaza. Unaweza kuingia. Nimekuandikia barua tamu nyingi, na zote nilikuwa nakuomba uje kwangu. Hii siombi kwa ajili yangu, ingawa mto umechoka na salamu zangu na mimi nimechoka na mto.

Mkeo


Tarehe 21, mwezi wa nane

Mke wangu,

Barua yako ilinifikia asubuhi ya kikao. Profesa aliileta mpaka mlango wa kamati, akaipitisha chini ya mkono wa mlinzi.

Nilikuwa nimejiandaa kusimulia habari za mama. Niliposimama, sikuziona sentensi zangu. Nikaweka chupa ya kijani mezani kwao, nikawaambia: "Waheshimiwa, haya ni maji. Nimewaonyesha watu wa mikoa yote maji haya, kwa sababu ndiyo pekee ambayo sheria yenu inaniruhusu kubeba. Mke wangu hakujua. Amempimia baba yangu, kwa saa, bila kukosea, na baba yangu ameyanywa." Nikawaeleza aliyosema Daktari Bibi. Nikawaeleza habari za dirisha la dawa na mifupa isiyopanda basi. Mwenyekiti akauliza, "Na mzee sasa yu hali gani?" Nikasema anagombana na chai. Walicheka, kisha mwenyekiti akaivuta ile chupa karibu yake.

Hawajaamua. Wamesema watatuita tena, na safari hii wanataka kuwasikia wauguzi wa zahanati wenyewe. Mwenyekiti aliondoka na chupa, sijui kwa makusudi au kwa kusahau. Profesa anasema dawa ya moto ni moto, ila leo kwa mara ya kwanza ameona maji yakichoma watu.

Nilisema kwamba nikiondoka hakuna wa kusema badala yangu. Haikuwa kweli. Muuguzi mwenzangu, dada mmoja kutoka wilaya ya mwisho, ataendelea na mikutano iliyobaki. Anasema vizuri kuliko mimi, kwa sababu bado analia. Namkabidhi kazi, gari likitoka gereji naondoka, na Profesa ameapa kwa methali zake zote kwamba hatasimama njiani.

Mke wangu, naogopa kile chumba. Nimekuwa nikikiogopa tangu nikiwa na urefu wa dirisha lake. Nikifika, nikisimama kizingitini, usinicheke, nishike tu mkono uniingize, kama ulivyonishika siku ya harusi nilipokanyaga shela lako. Na jioni tufunge mapazia yako, nione maua meupe, nilale kwenye kile kitanda kipana katikati ya embe. Nimekukumbuka mpaka nauonea huruma mwili wangu.

Mwambie Baba spika aiache hivyo hivyo, asiifunge redio, na bisibisi ndogo asiipoteze. Waya nitachomelea mimi, wewe utatushikia taa. Nakuja kabla ya mwezi huu kuisha.

Mumeo